Sadaka yenye gharama: namna ya kutoa bila kumlipisha mtu mwingine

Mfalme Daudi alipofika kwenye uwanja wa kupuria nafaka wa Arauna Myebusi, angeweza kuondoka na kila kitu bure. Tauni ilikuwa imeua watu, nabii Gadi alikuwa amemwagiza ajenge madhabahu mahali pale, na Arauna mwenyewe hakuwa na kinyongo: chukua uwanja, chukua ng'ombe wa kuteketezwa, vyombo vya kupuria na nira viwe kuni. Daudi akakataa. Akasema hatamtolea Bwana Mungu wake sadaka asizozigharimia, akahesabu shekeli 50 za fedha, akalipa (2 Samweli 24).

Tunapenda kuhubiri nusu moja ya habari hiyo, kwamba sadaka ya kweli lazima igharimu. Nusu ya pili tunaipita mbio: gharama ilitoka kwa Daudi mwenyewe. Hakumwachia Arauna ailipe. Nimekaa kwenye meza ya kuhesabu sadaka kwa miaka kadhaa nikiwa mhazini, na kabla ya hapo nilikuwa mtoaji mwenye sifa, yule anayenyoosha mkono wa kwanza kwenye changizo. Nilichelewa kutambua kwamba sadaka nyingi tunazoziita kubwa hulipwa na mtu mwingine: mke ambaye hakuulizwa, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, jamaa anayesubiri deni lake tangu mwaka juzi.

Kwa hiyo hatua zifuatazo zina swali moja ndani yake: ukitoa hiki, nani atakikosa? Nimezipanga kama ninavyozifuata mwenyewe sasa. Mwenye haraka anaweza kuruka hadi hatua ya 4, ila najua atarudi.

Hatua ya 1: Andika mwezi mmoja mzima

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli tupu, lakini moyo usio na daftari hujidanganya upesi. Tafuta daftari dogo la kuingia mfukoni, na kwa siku 30 andika kila kinachoingia na kila kinachotoka, siku ileile, kabla hujalala. Mwezi huo usijitahidi kuwa mtu mwema. Unataka kujiona ulivyo.

Mwezi ukiisha, weka herufi moja pembeni ya kila mstari. L ni ya lazima: chakula, pango, dawa, ada, nauli ya kazini, matunzo ya wazazi. D ni ya deni, na ahadi yoyote uliyompa mtu naihesabu humo. H ni ya hiari, yaani kile ambacho ungekikosa na bado ungelala umeshiba na huna maumivu. Jumlisha kila herufi peke yake.

Sadaka ya kujinyima hutoka kwenye H. Ukiitoa kwenye L, wanaojinyima ni watu wa nyumbani mwako. Ukiitoa kwenye D, anayejinyima ni anayekudai. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili nilikuta H yangu ni nene kuliko nilivyowahi kukiri, na sadaka zangu zote za mwezi ule hazikufikia nilichotumia kwenye vocha za simu. Na huo ndio mwezi niliokuwa nikiomba kwa machozi Mungu anifungulie mlango wa utoaji.

Hatua ya 2: Usimtolee Mungu cha mwenzako

Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliokuwa na njia ya kidini ya kukwepa wajibu. Mtu alitangaza kwamba mali fulani ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, na kuanzia hapo baba na mama yake hawapati kitu. Kwa macho ya watu huo ungeonekana ni ucha Mungu wa hali ya juu. Yesu alisema ni kulitangua neno la Mungu. Paulo naye hakupaka maneno mafuta: asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:8). Na Yakobo anasikia ujira wa wavunaji uliozuiliwa ukipiga kelele, kelele zikifika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Nimeshawahi kuona bahasha nono ya shukrani ikitoka kwa mtu ambaye binti anayemfulia na kumpikia hakuwa amelipwa miezi miwili. Nilijua kwa sababu binti mwenyewe alikuwa anasali ibada ya pili.

Kabla ya kuongeza sadaka yoyote, orodhesha watu ambao pesa yao iko mikononi mwako: mfanyakazi wako, mwenye nyumba, shule, mzazi anayekutegemea, aliyekukopesha. Walio mbele ya tarehe, walipe kwa tarehe. Waliopitwa na tarehe, nenda ukawaone uso kwa uso, mpatane kiasi na siku, uandike. Simaanishi mwenye mkopo wa miaka 5 asitoe kitu miaka 5. Marejesho yakienda kwa wakati, kinachobaki ni chako na una uhuru nacho. Shida ni deni lililolala huku mdaiwa anapigiwa makofi.

Makofi hayo nayajua. Kulikuwa na changizo la kuezeka jengo, na mwendeshaji alikuwa hodari wa kazi yake: "Nani mabati 50? Hakuna? Basi nani 20, ndugu zangu, 20 tu!" Mkono wangu ulinyooka kabla kichwa hakijapiga hesabu. Watu wakashangilia. Nililipa kwa mkopo wa miezi 6. Mke wangu hakusema neno. Alianza tu kwenda kazini kwa miguu, asubuhi na jioni. Nilidhani anafanya mazoezi. Nikamsifu hata kwa hilo, Mungu anisamehe.

Hatua ya 3: Kaeni pamoja kabla ya kuahidi

Kwa walio na ndoa, hatua hii ni ya lazima. Chagueni siku isiyo na ugomvi, daftari likiwa wazi mezani. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake kiasi anachoona kinafaa, bila kumchungulia mwenzake, kisha mfunue kwa pamoja. Kwa miezi mitatu ya kwanza fuateni kiasi kilicho kidogo. Anayetaka zaidi atanung'unika, lakini ni afadhali anung'unike mwenye bidii kuliko aumie mwenye hofu. Baada ya miezi hiyo mitatu mara nyingi yule mwenye hofu ndiye anayesema tuongeze, maana ameona nyumba haijaanguka.

Mwenzi asiyeamini, au asiyekubaliana nawe, usimfiche. Toa katika sehemu ya H iliyo yako kwa haki na mwonyeshe. Sadaka inayopitia mlango wa nyuma huzaa mashaka ambayo mahubiri 10 hayawezi kuyaondoa.

Watoto waachieni waamue kwa vijisenti vyao wenyewe. Kumpa mtoto pesa mlangoni mwa kanisa ili aidumbukize kwenye kikapu kunamfundisha kubeba pesa ya baba, basi.

Hatua ya 4: Taja kitu, usitaje kiasi tu

Hapa ndipo kwenye kiini, nami nitakaa kidogo.

Mjane wa Marko 12 alitia senti mbili. Zilikuwa lepta, sarafu ndogo za shaba kuliko zote zilizokuwa zikitumika. Denari moja, ujira wa kibarua kwa siku, ilikuwa na lepta 128. Kwa hiyo senti mbili zile ni sehemu moja ya 64 ya ujira wa siku. Kibarua wa saa 12 angezipata kwa dakika kama 11. Mapokeo ya Kiyahudi katika Mishna yanasema hekaluni palikuwa na masanduku 13 ya kutilia fedha, yenye midomo kama tarumbeta. Sarafu mbili kama zile zikiingia humo, hata aliye karibu asingegeuza shingo. Yesu aliziona kwa sababu hakuwa anapima kilichoingia. Alipima kilichobaki mkononi: matajiri walibakiwa na vingi, yeye hakubakiwa na kitu.

Basi ukitaka kujua kama sadaka yako ina gharama, tazama maisha yako baada ya kutoa. Je, kuna kitu chochote kimebadilika? Kama unakula vilevile, unavaa vilevile, unabadilisha simu kwa wakati uleule, basi umetoa kwa ukarimu, na hilo ni jema, ila bado hujajinyima. Ndiyo maana nashauri usianze na asilimia. Anza na kitu. Chukua orodha yako ya H na uchague jambo moja lenye jina: kinywaji cha kila jioni, kifurushi cha televisheni, nguo mpya ya sikukuu, gari kubwa zaidi ulilokuwa unalipangia. Lipe tarehe ya kuanza na ya kuisha, angalau miezi mitatu. Pesa yake yote, si nusu, iende kwenye sadaka.

Kuna faida mbili. Ya kwanza, huwezi kujidanganya. Kila jioni ile saa ya kinywaji itafika na utakumbuka kwa nini kikombe kiko kabatini. Ya pili, unamkumbuka aliyepokea. Wakristo wa karne ya 2 walilijua hili. Aristide wa Athene, aliyewaandikia watawala kuwatetea Wakristo, anaeleza kwamba kukiwa na maskini kati yao na wao wenyewe hawana ziada, walifunga siku mbili au tatu ili chakula kile kimfikie mhitaji. Kufunga kwao kulikuwa na mtu upande wa pili, anayekula. Ukifunga mlo mmoja kwa wiki, hesabu mlo ule ungegharimu nini na uweke pembeni. Vinginevyo mfungo wako umeokoa pesa yako tu.

Njia nyingine ni ya kuzuia maisha yasipande. John Wesley, mhubiri wa Uingereza aliyeishi kati ya 1703 na 1791, alisimulia habari za kijana mmoja wa Oxford ambaye wengi wanaamini alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza alipata pauni 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka wa pili akapata 60, akaishi kwa 28 zilezile, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90 na kutoa 62. Wa nne 120 na kutoa 92. Siwaambii wenye watoto wanne waishi hivyo, kijana yule hakuwa nao. Lakini kanuni yake inafanya kazi kwa yeyote: mshahara ukipanda, amua kabla ya malipo ya kwanza ni sehemu gani ya ongezeko itakayoingia nyumbani na ni ipi itakayotoka. Ukisubiri mwezi wa pili, ongezeko litakuwa limeshapata wenyewe.

Na zaka je? Madhehebu hayakubaliani, na sitaki kuwagombanisha watu na wachungaji wao. Abramu alimpa Melkizedeki fungu la kumi kabla ya Sheria, Sheria ikaliagiza, Yesu aliwaambia Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira kwamba wasiache hilo, ila wamesahau adili, rehema na imani. Upande mwingine, Paulo anapochangisha katika 2 Wakorintho 8 na 9 hataji asilimia hata mara moja. Anasema: "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu." Mimi naitumia zaka kama kizingiti cha mlango: ni pazuri pa kuanzia, na si pa kujenga nyumba. Kwa mwenye kipato kikubwa moja ya kumi haimnyimi usingizi wala kitu kingine. Kwa mama anayelea watoto peke yake, moja ya kumi inaweza kuwa ndani ya L kabisa, na anayemtishia kwa Malaki 3, kwamba asiyetoa zaka anamwibia Mungu, afungue pia Malaki 1, ambako nabii yuleyule anawakemea waliomletea Mungu wanyama vipofu, vilema na wagonjwa. Lawama ile ni ya wenye wanyama wazima zizini.

Hatua ya 5: Tenga siku ileile pesa inapoingia

Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isije ikaanza kutafutwa atakapofika (1 Wakorintho 16:2). Ni ushauri wa mtu aliyewahi kuona harakati za dakika ya mwisho. Kipato kikiingia, tenga kabla hujalipia kitu cha H. Kiweke mahali pengine kabisa: bahasha, kopo, akaunti ya pili. Pesa inayokaa pochi moja na nauli itakuwa nauli.

Wenye kipato kisicho na tarehe, mafundi na wachuuzi, watenge kwa kila malipo na si kwa mwezi. Tenga katika faida, si katika mauzo. Nimewaona wafanyabiashara wadogo wakila mtaji kwa jina la zaka, kisha biashara ikafa na zaka ikafa nayo.

Hatua ya 6: Gawa mafungu, na moja liache bila jina

Mimi nina mafungu matatu. La kwanza ni la kanisa langu, kwa sababu ninakalia viti vyake na kulishwa neno pale. La pili ni la watu wenye uhitaji wa kudumu ninaowajua. La tatu halina jina, linasubiri.

Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Sheria ya Musa iliwakataza wavunaji kuvuna hadi pembeni mwa shamba au kurudi kuokota masazo. Ilibidi yabaki kwa maskini na mgeni, na ndivyo Ruthu alivyopata kula katika shamba la Boazi. Mwenye shamba hakujua nani angepita. Fungu lisilo na jina ni pembe ya shamba: jirani akipiga hodi usiku na mtoto mwenye homa, huanzi kukopa ili uwe mwema. Likikaa miezi mitatu bila kuguswa, usilirudishe nyumbani. Litafutie mtu.

Muda na ujuzi navyo ni vya kutolewa, lakini kwa mwenye pesa visiwe kichaka cha kujificha. Mwenye pesa hujitolea muda kwa sababu muda haumuumi. Mwenye shughuli nyingi hutuma pesa kwa sababu hiyohiyo. Mara moja moja badilisheni.

Hatua ya 7: Mkague anayepokea

Kuna wanaodhani kuuliza maswali ni kukosa imani. Paulo hakudhani hivyo. Alipokuwa akikusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake; pamoja na Tito alituma ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, na akaeleza sababu waziwazi, kwamba anajiepusha na lawama, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia (2 Wakorintho 8:18-21). Kama mtume alitaka mashahidi, mhazini wako asikasirike akiulizwa.

Nilipokuwa mezani tulikuwa na kanuni nilizozipenda: hakuna anayehesabu peke yake, kikapu hakitoki machoni pa watu wawili, kiasi kinaandikwa kwa kalamu ya wino na kutiwa saini kabla meza haijavunjwa. Noti huja zimekunjwa mara nne, nyingine bado zina unyevu wa kiganja. Unazinyoosha moja moja. Ukishanyoosha noti kama hizo kwa muda, huwezi tena kusikia mtu akisema "ni hela ya kanisa tu".

Mahali unapotoa, uliza haya: hesabu husomwa kwa waumini mara ngapi? Nani asiye ndugu wa kiongozi anayeweza kutia saini benki? Nikitoa kwa ajili ya kitu fulani, nitajuaje kama kimenunuliwa? Jibu likiwa hasira, au likiwa "msiguse masihi wa Bwana", umejibiwa.

Na yule anayekuambia upande mbegu kiasi fulani leo ili upate ndoa, kazi au uponyaji, mwache. Hiyo ni biashara, tena mbovu, maana muuzaji hatoi risiti wala haulizwi mzigo ulipochelewa. Kumbuka Marko alivyoipanga habari ya mjane. Mstari unaotangulia, Yesu anawalaani waandishi, yaani walimu wa Sheria, walao nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki. Mistari michache baadaye anasema hekalu lile halitasalia jiwe juu ya jiwe. Anayemtumia mjane yule kuwakamua wajane wengine amesimama upande wa waandishi, si upande wa Yesu.

Hatua ya 8: Mkono kwa mkono bila kumvua mtu nguo

Kutoa kikapuni ni rahisi. Kumpa mtu anayekutazama ni kazi nyingine.

Amua kabla hujafungua mdomo: hii ni zawadi au mkopo? Ikiwa ni mkopo, taja tarehe. Ikiwa ni zawadi, sema "usirudishe", na baada ya hapo usiitaje tena, hata mtakapokosana. Mkopo ambao moyoni uliujua ni zawadi hukugeuza mdai, na zawadi ambayo moyoni uliijua ni mkopo hukugeuza mchungu.

Usimpige picha. Usimpe mbele ya watoto wake. Usimletee ulichotaka kutupa. Nguo iliyokosa vifungo ishone kwanza. Uliza anahitaji nini badala ya kukisia, na akisema kitu kinachokushangaza, vumilia mshangao wako. Niliwahi kumuuliza mama mmoja mgonjwa tumletee nini, nikitegemea aseme chakula. Akasema wembe na kioo, amechoka kuonekana hivyo na wageni.

Ikiwezekana pitisha kwa mkono wa mtu mwingine. Yesu aliposema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume hakuwa akizungumzia aibu ya mpokeaji peke yake. Alijua ulafi wetu wa kuonekana. Dawa yake ni ya vitendo: mwezi huu toa sadaka moja ambayo hakuna atakayejua, hata mchungaji, hata kwa njia ya ushuhuda. Kama ikikuwasha ulimi wiki nzima, umepata kipimo chako. Anania na mkewe Safira, katika Matendo 5, hawakulazimishwa kuuza kiwanja, wala kuleta bei yote; Petro alimwambia Anania kwamba kabla ya kuuzwa kilikuwa mali yake, na baada ya kuuzwa bei ilikuwa mikononi mwake. Walichotaka ni sifa ya Barnaba, aliyeuza shamba na kuleta fedha yote, kwa bei ya nusu.

Ukiwa huna

"Kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12). Usikope ili utoe. Ukiombwa na huna, sema "kwa sasa sina", nyamaza hapo. Ukianza kueleza sana utaishia kuahidi. Na kama zamu yako ya kupokea imefika, pokea. Niliwahi kurudisha bahasha ya ndugu mmoja kwa madai kwamba yeye ndiye mwenye shida zaidi. Akaniambia, kwa upole ulionikata, kwamba nimemnyima sadaka yake.

Mara moja kwa mwaka

Rudieni lile zoezi la hatua ya 1, mwezi mzima, herufi tatu. Maisha husogea: mtoto huzaliwa, mkopo huisha, kazi hupotea. Kitu kilichokuwa kinauma kujinyima mwaka juzi huenda leo hukikumbuki, na hapo sadaka ile imegeuka desturi; iache iendelee, ila tafuta kitu kingine chenye jina. Ikiwa mwaka umekuwa mgumu, punguzeni bila kujitesa na muandike tarehe ya kutazama upya.

Sisi tulifungua daftari letu mwezi uliopita. Tulipofika kwenye mstari wa nauli mke wangu aliniuliza kama yale mabati bado yapo. Nikamwambia yapo, hayavuji. Akaandika H pembeni ya nauli yake, kama alivyozoea tangu miezi ile 6. Nikachukua kalamu, nikaifuta, nikaandika L.